Gundi ya Omosa

Nyakerario hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kabisa, kwa sababu nikifika mwisho hamtanipa nafasi ya kulisema, na huenda mimi mwenyewe nisitake. Alikuwa mtu wa kawaida, aliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi juu ya Mogogosiek na wazazi waliotoka upande wa Kisii kuja kuchuma chai. Alisomea umeme katika chuo cha ufundi, akafungua kibanda cha kutengeneza simu na redio mjini Sotik, akaolewa, akaachika, akarudi kwenye kibanda chake. Jumapili alikaa viti vya mbele kanisani. Watu wa namna hiyo wamejaa huku kwetu, na wengi wao hufa bila kumtendea mtu ubaya wa kukumbukwa. Si kwamba ni wema kuliko yeye. Hawakupata nafasi tu.

Nafasi ya Nyakerario ililetwa na meneja mmoja aitwaye Gibson, wa kiwanda cha chai ambacho jina lake naliacha, maana ukishataja jina watu huanza kubishana kiwanda ni cha nani na kusahau kilichotokea. Kiwanda kilikuwa kimeanza kutengeneza chai ya wanywaji wachaguzi, ile ya majani yanayokunjwa badala ya kusagwa. Majani hayo hutandazwa kwenye trei, trei hupangwa kwenye toroli ndefu za chuma, na toroli husukumwa ndani ya chumba cha kukaushia, ambamo feni hupuliza hewa iliyopashwa moto na mabomba ya mvuke. Wanunuzi wa ng'ambo walitaka kujua kila pakiti imetoka kwa mkulima gani. Kwa hiyo kila toroli ilibidi ijulikane inapoingia na inapotoka. Lebo za karatasi zilikauka zikapukutika, namba za rangi zikababuka. Gibson akataka tagi.

Tagi ni kidude kidogo kisicho na betri. Ndani yake mna chipu ndogo kuliko punje ya mtama, na chipu hiyo imeunganishwa na antena. Mashine ya kusomea, iliyo mlangoni, hutoa mawimbi ya redio. Yakiifikia tagi, tagi huamka, hutaja namba yake, hulala tena. Hiyo ndiyo kazi yake yote duniani. Zile ambazo Gibson aliagiza Nairobi zilifanya kazi hiyo vizuri mpaka zilipoonja joto. Plastiki ilijikunja kama utando wa maziwa, gundi ikatoa mapovu, antena zikabaki zinaning'inia. Akaleta nyingine nene, za kuvumilia moto, nazo zikawa kubwa mno: trei zilipokuwa zinaingizwa kwenye toroli zilizipiga kumbo zikaanguka. Tena chuma cha toroli kilimeza mawimbi, na tagi zikawa bubu hata kabla ya kuungua. Ndipo mtu mmoja alipomwambia kwamba Sotik kuna mwanamke anayefufua redio zilizokwisha kuzikwa.

Gibson alifika kibandani kwa Nyakerario akiwa na viatu visivyofaa matope ya huko. Alitaka tagi isiyozidi ncha ya kidole gumba, ikae juu ya chuma, iingie motoni kila siku na kutoka ikikumbuka jina lake.

"Unaweza?" akauliza.

"Nitajaribu."

"Sijauliza kama utajaribu. Wa kujaribu niko nao."

Nyakerario akasema anaweza. Siku nyingi baadaye alikuwa bado hajui ataanzia wapi, na alikuwa ameharibu kila kitu kinachoweza kuharibika. Jibu lilikuwa limekaa mlangoni pake likichonga kiboko.

Huyo alikuwa Omosa, mdogo wake, ndugu pekee aliyebaki naye baada ya wazazi kufa. Omosa alikuwa amekwenda Tabaka kwa mjomba wao kujifunza kuchonga lile jiwe laini ambalo watu huita jiwe la sabuni, na alikuwa na mikono ambayo sijui niisemeje. Haikuwa mizuri. Ilikuwa na makovu na vumbi jeupe kwenye kucha, lakini kisu kikiwa ndani yake hakikukosea. Siku hiyo Nyakerario, kwa hasira tu, aliokota kipande cha jiwe lililokatwa mguuni mwa kiboko akakitupa kwenye jiko la makaa. Jioni kilikuwa pale pale, kimebadilika rangi kidogo, kizima. Akakumbuka kwamba hita za zamani zilikuwa na vishikio vya jiwe kama hilo, kwa sababu halipitishi umeme na halijali moto. Akakumbuka jambo la pili, lililomfanya akae chini: wimbi la redio likipita ndani ya jiwe hujikunja, huwa fupi, na wimbi likifupika antena nayo hufupika. Juu ya jiwe, tagi ingeinuka kidogo kutoka kwenye chuma na ingekuwa ndogo kama Gibson alivyotaka.

"Omosa, unaweza kukata hii ikuwe kama jino?"

"Jino ya mtu ama ya ng'ombe?"

"Ya mtu. Na uichimbe shimo katikati, chipu ilale ndani."

Omosa alicheka, akachukua wembe, akakata. Za mwanzo zilipasuka motoni kwa mlio, kwa sababu jiwe hunywa maji na maji yakichemka hutafuta njia. Wakajifunza kuzioka kwanza polepole, siku nzima, kabla ya kuzifundisha moto mkali. Walijaribu kuzikata kwa mashine zikavunjika zote. Mikono ya Omosa ndiyo pekee iliyoziweza, na ikawa kazi ya wawili, dada kwa antena na kaka kwa jiwe, kama walivyokuwa hawajawahi kufanya kitu pamoja tangu utotoni.

Kilichobaki ni gundi. Hapo pia ni Omosa. Alichukua vumbi la jiwe lenyewe, lile alilokuwa akilipiga chafya kila siku, akalikoroga na maji ya kioo, ule uji mzito unaouzwa na watu wa kemikali, akapata ute wa kijivu ulioganda motoni badala ya kuyeyuka. Kiwandani wakaanza kuuita gundi ya Omosa. Nawaomba mlishike jina hilo, kwa sababu ndilo lililomwangamiza.

Gibson alipoona tagi kumi na saba zimejipanga kwenye kitambaa, ndogo, za kijivu, za kuchekesha, hakusifu. Alisema tu kwamba zikipita majaribio, zote, bila kubakiza hata moja, kiwanda kitawajengea karakana ndani ya ua wake na Omosa ataandikwa kazi ya kudumu. Zikishindwa, asiwaone tena. Nyakerario alirudi nyumbani. Hawakuwa na mbele wala nyuma wale ndugu wawili, na sasa kulikuwa na mlango. Omosa usiku huo alinunua nyama.

Chumba cha kukaushia kilisimamiwa na mzee Kiplangat, Mkipsigis wa hapo hapo, mrefu, mpole, aliyeanza kazi hiyo Nyakerario akiwa bado anavaa sare za shule. Ulimi wake, kama ulivyo wa wengi wa lugha yake wanapozungumza Kiswahili, haukutenganisha sana g na k, wala b na p. Gundi kwake ilikuwa kundi. Tagi ilikuwa taki. Nyakerario, ambaye kama Wakisii wengi l humgeukia r, hakuwa na haki ya kumcheka, lakini alimcheka, na mzee naye alimcheka, na huo ukawa urafiki wao.

"Fundi, kundi imekauka?"

"Kundi gani, mzee? Ya mbuzi?"

"Hiyo ya kupandika taki. Na wewe juzi ulikuja hapa ukaniomba karamu. Nikakuuliza, karamu ya harusi ama ya kipaimara? Kumbe unataka kuandika."

Watu walivunjika mbavu. Nyakerario alizoea kiasi kwamba kila Kiplangat aliposema kundi, sikio lake lilitafsiri lenyewe, gundi, bila hata kumtaarifu.

Na kuna desturi moja ya huko ambayo mgeni hawezi kuijua. Kiwandani, kama mashambani, wafanyakazi hawaitwi kwa majina yao bali kwa jina la anayewaongoza. Wanaoleta kuni ni kundi ya Sagini. Wanaoosha sakafu ni kundi ya Nyamwange, hata siku ambayo Nyamwange mwenyewe yuko kwake anaugua. Siku ya majaribio Omosa alipewa wanaume wawili wa kumsaidia kusukuma toroli na kubandika tagi. Bila mtu kutangaza, kuanzia asubuhi hiyo hao watatu wakawa kundi ya Omosa.

Mtu wa pwani angesema kundi limo ndani, gundi imo ndani, na herufi hiyo moja ingetosha. Huku kwetu kila kitu ni iko. Mbuzi iko, daktari iko, Mungu iko. Tunaelewana hivyo hivyo, na tunajivunia kwamba tunaelewana.

Chumba kilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa na mashine ya kusomea, ikitazama ndani, na nje yake kulikuwa na meza, kompyuta, na gurudumu la valvu ya mvuke. Hapo walikaa Nyakerario na Vinny, kijana mwendeshaji wa valvu. Mlango wa nyuma, ambao hufunguliwa kwa nje tu, ulikuwa upande wa pili wa jengo, na hapo alikuwa Kiplangat akiingiza toroli. Waliongea kwa redio za mkononi. Gibson alikuwa amekwisha kuja mara mbili kusema wageni wako njiani na wanataka kuona joto, hawataki kuona watu wanangoja joto.

Redio ikakoroma.

"Fundi," sauti ya Kiplangat ikasema, "kundi ya Omosa pado iko ndani."

Nyakerario aliliona kopo la gundi machoni pake, limeachwa sakafuni kando ya toroli ya mwisho, kama Omosa alivyokuwa akiliacha kila mahali. Alikereka. Ningependa kuandika kwamba alisita, lakini hakusita.

"Iache tu, mzee. Hakuna haraka ya kuitoa. Funga huo mlango vumbi isiingie."

"Sawa, fundi."

Kiplangat alisikia neno la busara. Vijana wasiharakishwe, wamalize kazi yao watolewe kwa mlango wa mbele, na vumbi la uwanja wa kuni lisiingie kwenye chai. Wawili kati ya lile kundi walikuwa wametoka wakati huo huo kunywa maji. Omosa alikuwa ndani, amepiga magoti nyuma ya toroli ya kumi na saba, akikandamiza tagi kwa kidole mpaka ishike. Mzee akasukuma mlango ukajifunga, akaenda zake kuangalia kuni. Upande wa mbele Nyakerario akafunga mlango wake kwa komeo bila kuchungulia ndani, akamtazama Vinny, akasema, "Fungua."

Feni za chumba kile zikianza kunguruma, mtu aliye nje hasikii kilio wala ngumi za aliye ndani. Moto nao hauji mara moja. Kwanza ni joto la kupendeza, la mtu aliyetoka kwenye baridi ya asubuhi.

Namba zikaanza kutokea kwenye skrini, moja baada ya nyingine, kila moja ikisema niko, niko. Joto likapanda. Hakuna iliyonyamaza. Nyakerario aliuma midomo ili asicheke kwa furaha. Kisha namba kumi na saba ikafanya kitu cha ajabu. Ikatokea kwa nguvu kuliko zote, kama iliyosogezwa mlangoni kabisa. Ikapotea. Ikatokea. Ikapotea. Ikatokea mara kadhaa upesi upesi, ikatulia, ikaanza upya.

"Hiyo inasumbua," akasema Vinny.

"Haisumbui. Angalia vile inarudi." Macho yake yalikuwa yanameta. "Ni jiwe inapanuka ama ni gundi inaachilia. Hii ndio kitu nilikuwa nataka kujua. Ongeza kidogo tuone itafika wapi."

Vinny akazungusha gurudumu.

Mnajua tayari ilikuwa nini. Mkono wa mtu umejaa maji, na maji huzuia mawimbi yale. Ukiifunika tagi kwa kiganja inakuwa bubu, ukifunua inasema. Omosa alilijua hilo kwa sababu dada yake ndiye aliyemfundisha, kibandani, wakicheza. Alikuwa amebandua tagi kabla gundi haijakomaa, akaenda nayo mpaka mlango wa mbele, na kwa kuwa hakuna aliyesikia ngumi zake, alikuwa anafunika na kufunua, anafunika na kufunua, akimwita dada yake kwa njia pekee iliyobaki, na dada yake alikuwa ameketi upande wa pili wa mlango, karibu kiasi cha kuweza kumgusa, akimtazama kwa furaha.

Kiplangat alizunguka jengo kwa sababu alisikia feni. Aliingia akihema, akaona skrini, akaona namba inayoruka, akaona uso wa Nyakerario, na akamsikia akisema tena, "Ongeza."

"Fundi," akasema, "kundi imetoka saa ngapi?"

Nyakerario hakugeuka. "Gundi haijatoka, mzee. Iko ndani, si ni wewe umesema?"

Mzee alimsukuma kando, akaufungua mlango. Omosa alianguka nje kwa magoti. Alikuwa ameusukuma ule mlango wa chuma kwa viganja vyote viwili muda wote ambao hakuwa anatumia tagi, na mlango ulikuwa umepashwa na mabomba kama kikaango. Ngozi ya viganja ilibaki hapo. Tagi ilikuwa imeganda kwenye mkono wa kulia, na gundi ya Omosa haikuachilia mpaka hospitalini.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, Gibson alikuja akasimama kando ya Nyakerario, ambaye alikuwa amekaa chini kwenye saruji. Akauliza kwa sauti ya chini, ya heshima, kama mtu aliye matangani.

"Zilisoma zote?"

"Zote," akasema Nyakerario. Lilimtoka kabla hajafikiri, na lilikuwa kweli.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika kwenye chumba chenye meza ndefu, Gibson akiwa na wakubwa wawili kutoka makao makuu ambao hawakuwa wanajua toroli ni nini. Kiplangat alivaa koti. Alieleza jinsi ilivyokuwa, na mmoja wa wale wakubwa akasema haelewi, kundi au gundi? Gibson akatabasamu. Alikuwa ameliona tundu la kupitia, kiwanda kizima kitoke salama.

"Mzee, hebu sema gundi."

"Kundi."

"Sasa sema kundi."

"Kundi."

Mtu akacheka puani. Gibson akamwomba arudie, taratibu, moja kisha nyingine, na mzee akarudia, kwa utiifu, mdomo wake ukihangaika, na kila aliporudia kicheko kilikua mpaka kikaenea meza nzima. Hata aliyekuwa anamimina chai alicheka.

"Tofauti iko wapi?"

"Tofauti naijua kwa kichwa," akasema Kiplangat.

Wakacheka tena. Huyo alikuwa mtu aliyelinda kile chumba miaka yote bila kuunguza hata paka. Akangoja wanyamaze, akaanza, "Na hiyo taki kumi na sapa, ilikuwa inaita. Niliona. Na huyu fundi alikuwa anasema..." Lakini sapa ilikuwa imewamaliza. Mzee akachanganyikiwa, akaendelea kwa Kikipsigis, haraka, akinyoosha kidole kuelekea kiwandani, na Gibson akagonga meza. "Kiswahili tafadhali. Hii ni ofisi."

Vinny aliulizwa kama alisikia lolote. Alisema alikuwa anaangalia valvu.

Nyakerario aliulizwa alisikia nini redioni. "Nilisikia gundi," akasema. Hakuna aliyemuuliza zaidi, naye hakuongeza. Hakuna aliyemwomba aseme kalamu. Angeweza kusimama akasema mimi na mzee huyu tumeelewana siku zote hizi, na siku hiyo kazi ya kuangalia ilikuwa yangu. Angeweza kutaja kumi na saba. Alijitia hamnazo, akatazama mikono yake, mizima, juu ya meza. Ninamchukia kwa hilo kuliko kwa lile la valvu. Lile la valvu hakulijua.

Kiplangat alimwaga unga wiki hiyo hiyo, kwa kutoa taarifa isiyoeleweka mahali pa hatari. Watoto wa kiwandani wakaanza kuambiana njiani, sema gundi, sema kundi. Tagi zilikubaliwa. Karakana ikaanza kujengwa ndani ya ua, na Nyakerario akapelekwa kuchagua mahali madirisha yatakapokaa.

Kila alasiri alikwenda hospitalini kumlisha Omosa. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa mpaka viwiko, mikubwa, myeupe, na daktari alikuwa amesema kwa upole kwamba vidole vitakavyobaki havitashika kisu. Omosa hakuwa amelia hata siku moja. Siku ninayoisema alikuwa amekaa kitandani, amekunywa uji, na muuguzi Sally alikuwa kitanda cha pili akimbadilishia mgonjwa mwingine bandeji.

"Dada," akasema Omosa, "ile kumi na saba ilifika?"

"Ilifika wapi?"

"Kwa skrini. Nilikuwa naifunika na mkono, naifungua. Nilijua ni wewe uko pale. Nikasema Nyakerario akiona hii atajua ni mtu."

Alikuwa anamtazama bila lawama yoyote, anauliza tu. Nyakerario akaweka kikombe cha uji chini.

"Haikufika," akasema. "Ilikufa mapema. Hatukuona kitu."

Omosa akatafakari. Kisha akalegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi ni ile gundi yangu. Niliibandua kabla ikauke, labda chipu ilitoka. Pole, dada. Nimekuharibia majaribio."

"Usijali," akasema Nyakerario.

Hapo ndipo Kiplangat alipoingia, na koti lile lile, na chupa ya mursik, maziwa ya mgando ya kwao, chini ya kwapa. Nyakerario alisimama, akamwambia "Chamgei, mzee," maana salamu ndiyo yote aliyoijua katika lugha ya watu waliomzunguka tangu kuzaliwa. Omosa ndiye aliyechunga ndama na watoto wao na kuisema kama wao. Mzee aliitikia kwa kichwa. Toka siku ya kikao hakuwa amesema neno moja la Kiswahili, sokoni wala kanisani, na hakulisema sasa. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kuanza kuongea na Omosa kwa Kikipsigis, polepole, bila kupandisha sauti.

Nyakerario hakuelewa. Alisikia taki. Alisikia kumi na sapa, kwa sababu namba huko husemwa kwa Kiswahili. Aliona mkono wa mzee ukifunika na kufunua hewani, ukifunika na kufunua, kisha kidole chake kikamwelekea yeye, kikachora tabasamu kwenye uso wa mzee mwenyewe. Halafu likaja neno moja ambalo hakuhitaji kutafsiriwa, kwa sababu lilikuwa lake, na mzee alilisema vilevile alivyolisikia.

"Ongeza."

Mikono ya Sally ilikuwa imesimama juu ya bandeji. Omosa alimgeukia dada yake, akamwangalia, akimkagua, kama alivyozoea kukagua jiwe kabla hajaamua kama lina ufa.

Nyakerario alishika chupa, akamimina mursik kwenye kikombe, akakipeleka mdomoni mwa mdogo wake kwa sababu hakujua mikono yake ifanye nini kingine. Omosa akafumba midomo. Nyakerario akasukuma kidogo, maziwa yakamtiririka Omosa kidevuni, na midomo haikufunguka. Akamwita jina lake. Akamwita tena, kwa lile jina la utotoni, na Omosa akaendelea kumtazama akiwa amefumba mdomo.

Mzee Kiplangat alimngoja amalize kujaribu. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kikombe kutoka kwenye vidole vyake, akamshika Omosa kisogoni, naye Omosa akanywa. Alikunywa yote. Nyakerario alikuwa amesimama hapo na kitambaa, akingoja ampanguse, lakini mzee alimpangusa kwa kiganja chake.